Sura ya Saba: Mtu wa Kivuko

Simu ya kituo cha Kitengela ililia kabla Inspekta Adero hajavua kofia, na hata kabla hajaishika alijua ni nani na anataka nini. Bosi wa Kajiado hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Adero, yule dereva wa kiberenge bado ako huko kwako?"

"Ndio, afande."

"Kesho asubuhi nataka asimame mbele ya hakimu. Kuua bila kukusudia. Kampuni inataka reli ifunguliwe, watu wa boma wanataka mtu wa kulaumu, na mimi nataka amani. Kuna shida?"

"Daktari hakusema wazi, afande, kwamba..."

"Daktari alisema mtu amekanyagwa na chuma. Ulitaka aseme nini, kwamba ni malaria?"

Simu ikakatwa. Adero akairudisha mahali pake polepole. Hakukasirika. Kusema kweli, hakuwa amemkasirikia mtu tangu mwaka huo wa tisini na tisa uanze. Alikuwa ameokota maiti wengi mno kwenye barabara ya Namanga, mpaka moyo ukashikwa na ganzi. Alikula, alilala, alivaa sare akaja kazini. Mtu akimuuliza habari alisema mzuri, na mambo yakaishia hapo.

Kiberenge chenyewe, kwa wasiokijua, hakikuanza na makuu. Kampuni ya Saruji ya Enkare ilipofungua machimbo yake ya mawe huko uwandani nyuma ya mji, ilinunua reli nyembamba kuukuu kutoka shamba la mkonge lililokuwa limefungwa, ikazilaza kutoka kiwandani hadi machimboni, na toroli za mawe zikawa zinavutwa na punda. Wafanyakazi wakaona ni ujinga mtu kutembea kando ya toroli tupu kila asubuhi. Wakapanda. Kampuni ikawafukuza, wakapanda. Ikaweka askari, na askari naye akapanda! Mwishowe kampuni ikasalimu amri, ikapigilia mabenchi na paa la mabati, na akina mama wa soko nao wakajipakia na vikapu vyao vya sukuma wiki. Mji wa watu waliotoka kila pembe ya nchi ukapata kitu cha kujivunia, maanake hata Nairobi yenyewe haikuwa nacho.

Halafu punda wakastaafishwa. Ikaletwa injini ya dizeli, na Wangila, fundi kutoka Bungoma, akafanywa dereva. Injini haikuwa imemaliza mwezi ilipomkanyaga Lemein, mlinzi wa kivuko cha ng'ombe, alfajiri ya Jumanne. Sasa ilikuwa Alhamisi, na Adero alikuwa na siku hiyo moja tu.

Akamtoa Wangila seli, akamkalisha kwenye kiti kisicho na mgongo.

"Nieleze tena."

"Madam, si nimeeleza?"

"Eleza kama hujawahi kueleza."

Wangila akapangusa uso kwa kiganja. "Tulitoka kiwandani na shifti ya asubuhi. Mwanga ulikuwa kidogo. Kabla ya kivuko nikapiga kengele, maanake ng'ombe za hapo hazina heshima. Nikaona kitu nyekundu kwa reli. Nikadhani ni shuka imeanguka tu. Nikavuta breki. Lakini hiyo kitu haisimami kama baiskeli, madam."

"Na mtu?"

"Hakusonga. Mtu hata akiwa amelala fofofo, chuma ikikuja ataisikia kwa mgongo, reli inatetemeka. Huyo hakuinua kidole. Hakulia. Alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwa."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Mimi ni mtu wa Kanisa la Friends. Hata kwa matanga ya babangu sikuonja."

"Kuna abiria wanasema kengele haikulia."

"Hao wote walikuwa wamelala! Hao huamshwa na mimi wakifika machimboni."

Nje kwenye korido, mkewe Wangila, Maryanne, alikuwa amesimama na chupa ya chai aliyoikumbatia kifuani. Alimwamkia Adero kwa sauti ndogo, kisha akauliza lile swali ambalo wake wote huuliza.

"Madam, watamfunga?"

"Sijui, mama."

"Tunakaa nyumba ya kampuni. Wakimpeleka kortini kesho, kesho hiyo hiyo tunatolewa vyombo nje. Watoto wako shule hapa. Mimi nitawapeleka wapi?"

Adero akamfungulia mlango. Akamruhusu aingize chai.

Sajini Makokha, mtu mnene aliyemzidi Adero kwa umri na kwa uvivu, alikuwa akimngoja kwenye Landrova akila ndizi.

"Makokha," Adero akasema akipanda, "umeshawahi kuchinja kuku ambaye tayari amekufa?"

"Sisi Wabukusu kuku hatumchezei hivyo, madam."

"Lakini ukimkata?"

"Hatoi damu. Anatoa tone tu, basi." Makokha akaacha kutafuna. "Eh. Unasema juu ya Jumanne."

"Gurudumu lilipita kifuani, na mataruma, zile mbao zinazobeba reli, yalikuwa karibu makavu. Halafu kuna lile jeraha la kisogoni. Gurudumu halikufika kisogoni."

"Si daktari alisema aligonga kichwa kwa kokoto za reli?"

"Alisema labda. Labda haiwezi kumtoa Wangila seli. Daktari wa maiti, mwenye kusema bila labda, anatoka Nairobi wiki ijayo, na bosi hataki wiki ijayo."

Walianza na Mukai, kwa sababu kila mtu Kitengela alikuwa akimtaja Mukai. Ndiye aliyekuwa na punda waliovuta toroli zamani, na siku injini ilipofika alisimama mbele ya umati akaapa kwamba chuma hicho kitakula mtu. Walimkuta uani kwake akiwamwagia punda maji, punda wamesimama bure na hawajui la kufanya na miguu yao.

"Ulisema injini itakula mtu," Adero akamwambia.

"Nilisema. Na si imekula? Ama mnataka nitubu?"

"Jumatatu jioni ulikuwa wapi?"

"Kajiado, kwa soko ya mifugo. Nilikuwa nauza punda, na wanunuzi walikuwa wananicheka mpaka soko ikafungwa. Nikalala kwa dadangu. Uliza mtu yeyote huko, wote walinicheka." Akaweka ndoo chini. "Wewe mtoto wa watu, mimi hiyo injini ilininyima kazi. Lakini reli haikunikatia njia ya maji. Uliza wenye ng'ombe walikuwa wanasema nini."

Makokha alipiga simu Kajiado kutoka dukani. Karani wa soko alimkumbuka Mukai vizuri, na kweli, akacheka. Mlango huo ukafungwa.

"Sasa?" Makokha akauliza.

"Sasa twende bomani. Jumanne niliwaambia habari mbaya nikaondoka. Sikuwaona hata machoni."

Boma la akina Lemein lilikuwa upande wa pili wa reli, kwenye uwanda usio na mti wa maana, na kutoka mlangoni ungeweza kuona mabati ya kivuko yaking'aa. Lemein aliishi hapo na mamake, mkewe Purity, binti yao Jane, na mdogo wake Kisemei aliyechunga ng'ombe. Mwili ulikuwa bado mochari Kajiado. Mama mzee alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Takwenya, yeyo," Adero akainama kumsalimu kwa Kimaa, akimwita mama.

"Iko," mama akaitikia.

Purity akatoa vigoda, akaleta chai ya maziwa. Uso wake ulikuwa mkavu. Alifanya kila kitu kama mtu aliyeambiwa na mtu mwingine afanye. Adero alimwelewa mara moja, na kwa sababu alimwelewa hakumpa pole nyingi.

"Mama Jane, nina maswali machache tu. Jumatatu jioni, Lemein alipotoka hapa..."

Purity akainua kiganja. Hakukiinua kwa hasira. Alikiinua vile mtu humzuia mtoto asikanyage kitu. Yeyo, pale kizingitini, alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Inspekta, samahani. Hiyo jina hatuitaji tena."

"Hamtaji jina lake?"

"Mtu akienda, jina inaenda na yeye. Sisi tumeokoka, tunaenda kanisa, lakini hiyo hatujaacha. Hata Jane nimemwambia. Sema baba Jane, ama sema huyo mtu wetu. Tutaelewa."

"Mnisamehe. Sikujua."

"Si makosa. Wewe ni mgeni."

Adero akaomba radhi tena, akanywa chai. Akauliza juu ya Jumatatu. Purity akajibu: baba Jane alitoka jua likizama, kama kawaida, akasimamie kiberenge cha mwisho, kisha alale kwenye kibanda cha kivuko ili awahi cha alfajiri. Hakuwa amelewa. Hakuwa mgonjwa. Adero alikuwa akisikiliza kwa sikio moja, maanake neno moja lilikuwa limemkaa kooni na halishuki.

Huyo mtu wetu.

Alikuwa amelisikia hapa hapa, asubuhi ya Jumanne. Wakati huo hakuwa na hakika maiti ni nani, alikuwa tu na beji ya kampuni aliyoitoa kwenye shuka, na beji mtu anaweza kuazima. Kwa hivyo alipofika bomani hakusema kwanza lolote kuhusu kifo. Aliuliza tu, kama mtu wa kampuni mwenye shida ndogo: Lemein ako wapi? Yeyo alimjibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Lemein kivuko." Purity alitoka na mtungi akasema, "Lemein hajarudi, ngoja kidogo." Na Kisemei, akiwa ameegemea ua wa miiba, alisema, "Huyo mtu wetu alienda kazi."

"Mtu yupi?" Adero alimuuliza siku ile.

"Huyo mkubwa."

Na yeye, mjinga aliyesoma, akadhani ni uhaba wa Kiswahili.

"Mama Jane," akasema polepole, akiweka kikombe chini. "Kwenu mdogo anaweza kumwita kaka yake mkubwa kwa jina? Ama ni kukosa heshima?"

"Kwa wengine ni kukosa heshima. Hawa wawili?" Kwa mara ya kwanza kitu kikapita usoni mwa Purity, karibu kiwe tabasamu. "Kisemei alikuwa anamwita toka huko kwa ng'ombe mpaka majirani wanaitika. Kila siku. Jina lenyewe, bila kaka, bila nini."

"Na Jumanne, kabla sijafika, kuna mtu alikuwa ametoka boma akarudi?"

"Kisemei alisema hakutoka. Tangu kukamua jioni."

"Aliniambia hata mimi. Tena akasema alisikia injini toka hapa, lakini kengele haikulia."

Purity akamwangalia. Hakuwa mwanamke wa kuelezwa jambo mara mbili. Akakusanya vikombe, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Kisemei walimpata bwawani, ng'ombe wakinywa. Alikuwa kijana mrefu, shuka ya bluu, rungu kiunoni, fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake. Aliwaona wakitoka mbali na hakujaribu kwenda popote.

"Unanywesha saa hizi?" Adero akauliza.

"Siku hizi reli imefungwa. Napita saa nimetaka."

"Na ikiwa wazi?"

"Unangoja. Ng'ombe inalia kiu, wewe unangoja kiberenge ipite na watu wamekaa kwa benchi wakikuangalia."

"Nani alikuwa anawasimamisha?"

Kisemei akaangalia maji. "Mlinzi."

"Jina lake?"

"Unajua."

"Najua. Nataka kujua kitu kingine. Jumanne asubuhi nilikuja kwenu nikauliza Lemein ako wapi." Jina lilipotoka, kijana akafumba macho, akayafumbua. "Mama yako alimtaja. Mama Jane alimtaja. Wewe ulisema huyo mtu wetu. Nani alikuwa amekuambia amekufa?"

"Hakuna mtu."

"Basi?"

"Kiswahili yangu ni mbaya."

"Kiswahili yako inakutosha kununua ng'ombe Namanga na kumtukana mwenye kuuza."

Makokha akakohoa kuzuia kicheko. Kisemei hakucheka.

"Ni mkubwa wangu. Ni heshima."

"Mama Jane anasema ulikuwa unamwita mpaka majirani wanaitika."

Kisemei akashusha fimbo mabegani. Ng'ombe mmoja akatoka majini, akasimama kati yao akidondosha maji kwa kidevu, na Makokha akamsukuma pembeni kwa upole.

"Kisemei," Adero akasema. "Mimi si wa huku. Ungesema lile jina tu siku ile, kama wenzako, ningerudi zangu. Leo Wangila angekuwa anajiandaa kwa jela, na mimi nisingejua chochote mpaka nife."

"Hata mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua nikisema utaenda." Sauti yake ilikuwa tambarare kabisa. "Nilijaribu. Ilikataa kutoka."

Adero akamsomea onyo, pale pale, matope yakiwa yameshika viatu: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na kutumika kortini. Akamuuliza kama ameelewa. Kisemei akasema ameelewa, na bado akasema.

"Jumatatu nilichelewa na ng'ombe. Akatoka kwa kibanda na hiyo kitambaa yake nyekundu, akanisimamisha. Kiberenge ya mwisho ilikuwa bado mbali, hata haionekani. Nikamwambia, wewe, hizi si ng'ombe zako pia? Akasema sheria ni sheria. Ndugu yangu mwenyewe! Ananipungia kitambaa kama mimi ni gari. Akanigeuzia mgongo. Nikampiga na rungu. Moja tu. Nilidhani ataamka anitukane."

"Hakuamka."

"Nilikaa na yeye. Kiberenge ikapita kwenda kiwandani na watu wakiimba. Halafu nikamweka kwa reli, nikamfunika."

"Ili Wangila alaumiwe."

"Huyo simjui." Kisemei akatikisa kichwa. "Nilitaka chuma ndio ilaumiwe. Wakisema imeua mtu, wataing'oa. Maji yetu itarudi. Angalau kifo chake kiwe na faida."

Makokha akachukua rungu na fimbo, akamfunga pingu mbele, si nyuma. Adero aliona, akaacha iwe hivyo. Kwenye Landrova akainua redio, akaomba Kajiado, na alipompata bosi akamweleza kwa sentensi chache kavu. Bosi akasema neno moja ambalo haliandikiki.

"Wangila naachilia leo, afande."

"Achilia. Na kampuni niwaambie nini?"

"Waambie dereva wao alipiga kengele."

Akakiita na kituo, akaagiza Wangila atolewe seli sasa hivi, asingoje yeye arudi. Upande wa pili alisikia askari akipaza sauti kwenye korido, halafu mwanamke akilia, kilio cha juu cha kumshukuru Mungu. Adero akasikiliza kidogo. Ilikuwa habari njema, nayo ikapita ndani yake bila kugusa ukuta. Akazima redio.

"Madam," Kisemei akasema toka nyuma. "Usipitie nyumbani."

"Lazima nipitie. Mama yako asikie kwangu, asisikie sokoni."

"Basi mimi nisishuke."

"Hutashuka."

Landrova ikasimama mbali kidogo na ua. Adero akaenda peke yake. Yeyo alikuwa pale pale kizingitini, na Purity amesimama nyuma yake gizani mwa nyumba. Adero alichuchumaa, akasema kwa Kiswahili chepesi, maneno mafupi, hakuficha chochote wala hakuongeza. Purity akatafsiri kwa Kimaa. Hakuruka neno mpaka mwisho.

Mama mzee hakupiga yowe. Aliangalia Landrova kwa muda mrefu, kile kichwa kirefu nyuma ya kioo ambacho hakikugeuka. Adero alijiandaa kwa laana, kwa machozi, kwa kushikwa shati. Yote alishawahi kupewa, na yote alijua pa kuyaweka.

"Ng'ombe ako wapi?" yeyo akauliza.

Adero hakuelewa. "Nini, yeyo?"

"Ng'ombe."

"Wako bwawani."

"Nani ako na wao?"

Adero akafungua mdomo. Akawaza wanaume wa boma lile, mmoja kwenye friji ya mochari na mwingine kwenye gari lake, na kitu kikampanda kifuani kwa nguvu hata akashika mwimo wa mlango. Kilimuuma, na aliumia hasa, kwa mara ya kwanza mwaka huo mzima.

"Hakuna mtu," akasema.

Yeyo akakunja miguu, akashika bega la Purity, akainuka. Akafunga shuka vizuri, akaokota kijiti cha kuni, na akaanza kutembea kuelekea bwawani.